Nipe mji: mambo aliyotuachia babu mpenda maji na safari

Ngalawa ya babu haikung'oa nanga kimya kimya. Kabla tanga halijashika upepo alikuwa amekwisha kupaza sauti: "Kitendawili!" Wajukuu wakaitika: "Tega!" Akatega. Wakishindwa kutegua, anadai haki yake: "Nipe mji." Wampe Mombasa, wampe Kigoma, wampe Sur. Naye mji haupokei bure. Anaeleza njia ya kufika huko: chombo gani, siku ngapi, upepo wa miezi gani, chakula gani cha kufunga, na mahali gani wasafiri hukosea. Maelezo yakiisha, ngalawa imekwisha kuvuka miamba, na mdogo kuliko wote amesahau kwamba alikuwa ameng'ang'ania ubao kwa hofu.

Watu wakimtaja husema alikuwa mcheshi, mpenda raha. Ni kweli, lakini ukiishia hapo umemkata nusu. Raha ya babu ilikaa juu ya hesabu. Aliweza kuwachekesha watoto kumi katikati ya bahari kwa sababu saa ya kurudi ilikuwa kichwani mwake tangu siku tatu nyuma. Anayetaka kumkumbuka sawasawa ajue hesabu zile, kisha aende nazo majini.

Safari aliyoipenda kupita zote ni ya kuwapeleka wajukuu Maziwe, wakiondokea ufuko wa Ushongo, kusini mwa mto Pangani. Maziwe ni fungu la mchanga baharini, kama kilomita 8 kutoka Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Bahari ikala ardhi, miti ikaanguka mmoja mmoja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kipara. Ni hifadhi tangu mwaka 1975, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, na kombe, matumbawe na kasa haviguswi. Maji makuu yakijaa, mchanga wote humezwa. Unakwenda kutandika mkeka mahali ambapo saa chache baadaye patakuwa bahari tupu, na ndiyo maana safari hii haitaki mtu wa kubahatisha.

Hesabu ya kwanza ni ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu siku ya 14 au 15, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Siku ya 7 au 8, na ya 21 au 22, ni maji mafu, ambayo hayajai wala hayapwi kwa maana. Katika bamvua, pwani hii yetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Tarehe mosi ya mwezi mwandamo yakipwa saa nne asubuhi, tarehe tatu yatapwa saa sita kasorobo hivi, na tarehe nane, saa nne ile ile, utakuta yamejaa. Dakika 50 ni wastani tu. Karibu na bamvua maji huchelewa kidogo, pengine dakika 40, na katika maji mafu huweza kuchelewa zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo babu, pamoja na uzoefu wake wote, alilinganisha hesabu yake na jedwali la maji la mamlaka ya bandari. Zikitofautiana zaidi ya nusu saa, alihesabu upya kuanzia siku mwezi ulipoonekana.

Siku nzuri za Maziwe, basi, ni tarehe mosi hadi tatu, na 15 hadi 17. Hapo ndipo familia nyingi hukosea: huchagua Jumapili au sikukuu kwa sababu wote wako nyumbani, kisha hufika na kukuta fungu dogo lenye mchanga mbichi, au hawakuti fungu kabisa. Kwa babu siku ilichaguliwa na mwezi, na ruhusa za kazini ziliombwa kufuata mwezi. Watoto wake walilalamika, lakini waliomba.

Hesabu ya pili ndiyo inayookoa watu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Yanachukua karibu saa sita kutoka kupwa hadi kujaa. Gawa kimo chote sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Ikiwa tofauti ya siku hiyo ni mita 3.6, sehemu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza yatapanda sentimita 30 tu, na aliyelala mkekani hataona kitu. Saa ya tatu yatapanda sentimita 90, na ya nne sentimita 90 nyingine. Mtu huhadaiwa na ule upole wa mwanzo, akasema bado mapema, na anaposhtuka ngalawa imeshaelea na vyombo vya chakula vinaogelea. Amri ya babu ilikuwa moja: saa mbili baada ya maji kupwa, wote wako chomboni. Yakipwa saa nne na nusu, saa sita na nusu nanga inatoka, hata kama mchezo haujaisha.

Kuwafundisha watoto hesabu hii hakutumia ubao wala chaki. Alichukua vijiti 12 vya mwanzi. Maji yakianza kurudi, mtoto mmoja alichomeka kijiti pale wimbi lilipoishia, na kila robo saa akachomeka kingine. Mwanzoni vijiti hukaribiana, hatua moja au mbili. Baadaye nafasi kati ya kijiti na kijiti huanza kupanuka, na mtoto anaona kwa macho kwamba bahari imeongeza mwendo. Nafasi ikiwa mara mbili ya ile ya kwanza, mwenye vijiti hupiga kelele na kazi ya kufunga vitu inaanza. Sharti mchanga uwe wa mteremko mmoja, maana penye kishimo maji hukimbia hata kama hayajapanda, na vijiti vitasema uongo. Wale wengine walijenga jahazi la mchanga karibu na kijiti cha sita, kisha wakabishana litabebwa na wimbi la ngapi. Kelele zile zilisikika mbali.

Sasa upepo. Pwani yetu inatazama mashariki, na kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya kuanzia Aprili zote husukuma chombo kuelekea nchi kavu. Kwa hiyo kwenda Maziwe mchana ni kubisha, yaani kupanda upepo kwa mshazari, tanga huku na tanga kule, mawimbi yanapiga omo, mbele ya chombo, na watoto wanatapika. Dawa ni kuondoka na umande, upepo wa alfajiri unaotoka bara, ambao kwa kawaida hufa jua likipanda. Babu alitaka chombo kiwe majini saa kumi na mbili na nusu, saa moja ikizidi. Kurudi, upepo wa bahari unakusukuma mgongoni na hata mtoto wa miaka tisa anaweza kushika kana ya usukani akiwa na mtu mzima pembeni. Juni na Julai, kusi ikiwa na nguvu, hakupeleka mtoto. Masika pia hakwenda, kwa sababu mvua kubwa hufuta ufuko usionekane na mto Pangani humwaga magogo baharini.

Ukaguzi wa ngalawa ulifanywa jana yake jioni. Asubuhi hapana, kwa sababu asubuhi kila mtu ana haraka. Unaanza na vifungo vya mirengu, zile mbao mbili za pembeni zinazozuia chombo kupinduka. Kamba ya usumba ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Ngalawa iliyokaa juu wiki mbili itakuwa na vifungo vilivyolegea ingawa vinaonekana vizima. Kamba ya nailoni ni kinyume chake, ikilowa hunyooka. Ndiyo maana babu hakuchanganya usumba na nailoni katika kifungo kimoja: majini mmoja unakaza na mwingine unaachia, na uzito wote huangukia upande mmoja. Shika mrengu kwa mikono miwili, uutikise. Ukisikia mlio au ukiona nafasi ya kupenya kidole, fungua na ufunge upya.

Kisha gogo lenyewe. Mti wa mwembe hupasuka ukipigwa na jua, kwa hiyo ngalawa ikiwa juu hufunikwa makuti. Mwaga ndoo mbili za maji ndani, ungoje robo saa, utazame nje panapotoa jasho. Ufa mwembamba huzibwa kwa pamba iliyopakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Ufa unaopitisha kucha ni wa fundi, na safari inaahirishwa. Mwisho tazama henza ya kupandishia tanga mahali inapopita juu ya mlingoti, kwa sababu hukatika pale pale kila mara, nyuzi zikisagika bila kuonekana kutoka chini. Ndani ya chombo lazima kuwe na upo wa kukumbia maji, makafi mawili, upondo wa kusukumia chombo, nanga yenye amari, kamba yake, ya mita 30, na kisu.

Ngalawa ya mita 6 hakuipakia zaidi ya watu sita, wawili wakiwa watu wazima waogeleaji. Wajukuu wakizidi, alikodi mashua yenye mashine au walikwenda kwa zamu mwezi uliofuata. Vitu vizito vilikaa chini katikati. Hakuna kukaa juu ya mrengu, ingawa picha zake hupendeza. Na kamba ya demani, ile inayoshika pembe ya tanga, haifungwi fundo. Huzungushwa mara moja na nusu kwenye kishikio na ncha yake hubaki mkononi. Dhoruba ya ghafla ikipiga, unaachia, tanga linapepea, chombo kinasimama. Waliofunga fundo wamepinduka huku wakihangaika kulifungua. Chombo kikijaa maji, kaa nacho. Gogo ni mti, haliendi chini. Tua tanga, wote washike mirengu, mmoja akumbe maji. Aliyeondoka kuogelea kuelekea ufukweni kwa kuuona uko karibu ndiye anayetafutwa kesho yake.

Kuhusu chakula alikuwa na neno moja gumu: nazi hapana. Wali wa nazi na mbaazi za nazi huchacha kabla ya adhuhuri ndani ya chombo kisicho na kivuli, na tumbo la mtoto likiharibika baharini hakuna pa kwenda. Alifunga mihogo ya kuchemsha, chapati kavu, mayai, samaki wa kukaanga waliokolea chumvi na ndimu, ndizi na kashata. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, mtoto pia, na madafu ni nyongeza juu ya hapo. Kivuli kilikuwa turubai la mita 3 kwa 4 juu ya upondo na kafi. Kigingi hakishiki katika mchanga mkavu. Funga kamba katikati ya kijiti, ukifukie kikiwa kimelala, kina cha mkono hadi kiwiko, ukanyage mchanga juu yake. Hapo hata upepo wa saa sita hauking'oi.

Kuogelea hakukufundishwa Maziwe. Kulifundishwa Ushongo majuma kadhaa kabla, maji yakiwa yamejaa na kutulia, mtoto akitazama nchi kavu, maji kifuani mwake. Siku za kwanza ni kuingiza uso na kupuliza mapovu huku akiimba kwa kufunga mdomo, kwa sababu anayeimba hawezi kuvuta maji puani. Kisha kuelea chali: kiganja cha mtu mzima chini ya kisogo, masikio ndani ya maji, tumbo juu, macho mbinguni. Kiganja huondolewa kidogo kidogo mpaka mtoto ahesabu hadi 30 peke yake. Hatua hii huchukua muda mrefu kuliko zote, na hapo ndipo wazazi wenye papara huharibu kazi, kwa kurukia mikono na miguu. Mtoto asiyejua kuelea akichoka hana pa kupumzikia. Baada ya kuelea ndipo aliwafundisha kujisukuma mita mbili kuelekea kwa mtu, kupiga miguu, na kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali. Mtihani ulikuwa kuelea dakika 2 akiwa amevaa nguo, kisha kuogelea mita 10. Asiyefaulu alikwenda Maziwe vilevile, lakini aliingia majini mkono wake ukiwa katika mkono wa mtu mzima.

Kumtupa mtoto majini ajifunze mwenyewe alikuchukia waziwazi. Alisema kunamfundisha mtoto kutomwamini aliyemtupa. Na dumu tupu chini ya kwapa hakulikubali, kwa kuwa humzoesha mtoto kusimama wima ndani ya maji, na likiponyoka anazama palepale. Jaketi la kuokolea ni lazima kwa wote chomboni, na huchaguliwa kwa uzito wa mtoto ulioandikwa ndani yake. Mvishe, ufunge, kisha uliinue kwa mabegani: likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Mkanda wa kupita katikati ya miguu usiachwe ukining'inia.

Anayezama hapigi kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inakandamiza maji pembeni, na haitiki ukimwita. Mara nyingi watu walio karibu hudhani anacheza. Babu aliweka dumu la lita 5 lenye nusu lita ya maji ndani, limefungwa kamba ya mita 15. Tupu kabisa upepo hulirudisha, lenye maji kidogo linaruka moja kwa moja na bado linaelea. Unatupa kwanza, kujitosa ni njia ya mwisho, kwa sababu anayezama humkumbatia mwokozi na kumzamisha. Akitolewa hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, kisha gandamiza kifua mara 30 na pumzi 2, uendelee hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Kumning'iniza kichwa chini au kumbana tumbo atapike maji ni kupoteza dakika ambazo hana.

Kulikuwa pia na chupa ya chai isiyo na chai. Ilijazwa maji ya moto matupu, kwa ajili ya mwiba wa taa. Samaki huyu hujifukia mchangani penye maji ya magotini, na ukimkanyaga huchoma. Ukiburuta nyayo badala ya kuinua miguu, anasikia na kukimbia. Aliyechomwa hutumbukizwa mguu katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, mtu mwingine akiyapima kwanza kwa mkono wake ili yasimuunguze, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maumivu hushuka. Kisha hospitali, hata kama anasema amepona, kwa sababu kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

Akiona alama za kasa mchangani, kama njia ya tairi pana kutoka majini, babu alisimamisha michezo yote. Mayai yaliyotagwa Maziwe huoza bahari ikifunika fungu, kwa hiyo watunzaji huyahamishia ufuko wa Ushongo na kuyafukia upya, na watoto wa kasa hutoka baada ya siku 55 hadi 60 hivi. Kazi ya mgeni ni kuwapa taarifa walinzi na kukaa mbali. Wajukuu waliandika tarehe na kuhesabu siku, wakarudi Ushongo kutazama kasa wakikimbilia maji. Safari moja ikazaa nyingine, naye alipenda iwe hivyo.

Sasa miji. Akipewa Kigoma, alinyoosha mgongo, kwa sababu hapo kuna treni na meli pamoja. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, lakini anayetaka Kigoma bila kushuka hupanda ile ya reli ya zamani, siku moja na nusu hadi mbili, kupitia Tabora na Uvinza penye chumvi. Ushauri wake: Machi hadi Mei ulizia njia kabla ya kukata tiketi, maana mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe hubomoa reli, usiku, treni ikiingia stesheni, funga dirisha na mkono usiutoe nje, chakula kiwe katika mfuko wa peke yake ili usifungue begi lako mbele ya behewa zima.

Kigoma humleta Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande na kuunganishwa upya Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi. Ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Kisa hiki babu hakukisimulia kama historia. Alikisimulia jioni ya kurudi, watoto wamechoka na wanataka kutupa vitu na kwenda kulala: kapi, ile roda ya kupitishia kamba, ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, ipakwe mafuta, ndoana zifutwe, tanga lisikunjwe bichi, litaota ukungu. Chombo kinachohifadhiwa vizuri hata kikizama kitafufuka. Watoto walisugua kapi.

Na ziwani alionya juu ya jambo ambalo watu wa pwani hawalifikirii. Maji ya chumvi humbeba mtu. Ya ziwa hayambebi vile. Muogeleaji hodari wa Pangani atajihisi mzito Ziwa Tanganyika, ambalo lina kina cha mita 1,470, na umbali aliozoea utamshinda. Kupwa na kujaa hakuna, lakini upepo huinua mawimbi kwa muda mfupi sana. Pia kuna kichocho penye majani na maji yaliyotuama, na mamba karibu na midomo ya mito. Uliza wenyeji wanaogea wapi, uoge hapo.

Akipewa Sur, ya Omani, sauti yake ilibadilika. Alieleza majahazi yaliyoshuka na kaskazi kuanzia Desemba na kuondoka kusi ilipoanza, mwezi wa Aprili au Mei, kabla bahari haijachafuka Juni. Aliyechelewa hapo alikaa pwani miezi mingine, na wengi walioa. Kisha akasema: "Huo sijaukanyaga. Niandikieni deni." Mmoja wa wajukuu aliandika katika daftari, kwenye ukurasa wa miji ya deni.

Daftari lile ndilo lililobaki, na hapa kuna mambo ya kufanya mapema. Watu wa rika lake warekodiwe wakiwa bado na nguvu. Ukimuuliza mzee "Alikuwa mtu wa namna gani?" atajibu "Mtu mwema, Mungu amrehemu," na mazungumzo yameisha. Mpe upo mkononi, umuulize: "Mara ya mwisho mlipanda chombo gani, nani alishika usukani, mlikula nini?" Hapo atazungumza saa nzima. Simu iwe katika hali ya ndege, karibu na kifua chake, mbali na feni. Picha za karatasi huharibiwa na unyevu wa chumvi kuliko kitu kingine. Zitoe kwenye albamu zenye gundi, andika nyuma kwa penseli laini majina kuanzia kushoto, mahali na mwaka, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Kisha zipige picha kando ya dirisha bila mwanga wa simu, nakala zikae mahali patatu, na angalau mahali pamojawapo pawe nje ya nyumba hiyo.

Ngalawa yenyewe ni suala la mirathi, na hapa ndugu hugombana kwa sababu ya mapenzi. Madeni hulipwa kwanza, kisha wasia, kisha mgawo. Kwa sheria ya Kiislamu mjukuu hazirithi mali za babu ikiwa mtoto wa kiume wa babu yu hai, kwa hiyo mzee anayetaka chombo kiende kwa wajukuu hukiandika katika wasia mbele ya mashahidi, na wasia hauzidi theluthi ya mali. Bila wasia unaothibitika, chombo ni cha warithi wote, na ni vyema kisiuzwe wala kisigawiwe mtu mpaka wote wakubaliane. Wakati wakisubiri, kifunikwe makuti.

Wajukuu sasa hutega wenyewe. Anayeshindwa hutoa mji kutoka ukurasa wa deni, na mwenye kuupokea hueleza njia kama babu, wengine wakisikiliza kosa. Unaoongoza ni Lamu: basi la Tanga hadi mpaka wa Horohoro, kuvuka Lunga Lunga, Mombasa kulala usiku mmoja, basi la asubuhi hadi Mokowe, kisha boti. Juzi mmoja alisahau Mokowe, akawafikisha watu Lamu kwa basi juu ya maji. Walimcheka mpaka ngalawa ikayumba, na mji akanyang'anywa.